Japani: Paka aliyekuwa shefu wa gare, na reli iliyoponea kufungwa

Tarehe 28 Juni 2015, watu karibu 3.000 walikusanyika kwenye gare ndogo ya Kishi, katika jimbo la Wakayama, magharibi mwa Japani, kwa mazishi ya shefu wa gare hiyo. Viongozi wa kampuni ya reli walitoa maneno ya kuaga, makuhani wa dini ya Shinto wakaongoza ibada, wakaaji wakaleta maua na samaki wa makopo. Marehemu alikuwa paka jike wa rangi tatu, mwenye umri wa miaka 16. Jina lake Tama.

Ukisikia habari kama hiyo unaweza kucheka na kusema Wajapani wana pesa za kuchezea. Wakaaji wa Kishi wenyewe hawakuwa wanacheza. Reli yao ya Kishigawa ina urefu wa kilometa 14,3 na gare 14 tu. Watu walikuwa wamenunua magari, vijana walikuwa wamehamia miji mikubwa, na kampuni ya Nankai iliyoiendesha ilikuwa inakula hasara kila mwaka. Mwaka wa 2004 ikatangaza kwamba inaiacha.

Wakaaji walikataa. Waliunda chama cha kutetea reli yao, wakabisha hodi kwa viongozi, mpaka jimbo pamoja na miji ya Wakayama na Kinokawa wakakubali kuchangia pesa. Mwezi wa Aprili 2006 kampuni mpya ikaichukua. Ili kupunguza gharama, iliondoa wafanyakazi katika gare ndogo, ile ya Kishi ikiwa kati yazo. Treni zilikuwa zinafika pale, lakini hakukuwa tena mtu wa kuzipokea.

Kando ya gare hiyo kulikuwa na duka la vyakula, na mwenye duka alikuwa anafuga paka. Kibanda chao kilipotakiwa kuondolewa, alimuomba mkuu wa kampuni, Mitsunobu Kojima, awaache paka waishi ndani ya gare. Kojima angeweza kukubali tu, au kukataa. Yeye alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: mwezi wa Januari 2007 alimtangaza Tama rasmi kuwa shefu wa gare, akamshoneshea kofia ndogo ya kazi. Mshahara wake ulikuwa chakula cha paka. Kazi yake, kupokea abiria.

Abiria wakaja, kwanza kutoka Wakayama, halafu kutoka Japani nzima, mwishoni kutoka ngambo. Makadirio ya wakati ule yalisema Tama aliingizia eneo lile yeni bilioni 1,1. Alipandishwa cheo mara kadhaa, na wakati mmoja alikuwa jike pekee katika uongozi wa kampuni, jambo ambalo linasema kitu pia juu ya wanawake na vyeo katika inchi ile. Mwaka wa 2010 gare ilijengwa upya, paa lake likapewa sura ya uso wa paka. Alipokufa, kampuni ilikaa matanga ya siku 50, kisha paka mwengine, Nitama, akachukua nafasi yake.

Ni haki kusema kwamba paka peke yake hakuiokoa reli. Kama wakaaji wasingepiga kelele mwaka wa 2004, na kama viongozi wasingetoa pesa, Tama asingekuwa na gare ya kusimamia. Lakini Kojima alijua watu wake. Kwa Mjapani, paka ni mfanyakazi wa zamani. Wafugaji wa viwavi vya hariri walimhitaji kufukuza panya, kazi ambayo kila mwenye kuweka mahindi nyumbani anaielewa. Kwenye kisiwa cha Tashirojima, wavuvi walimjengea hata mahali pa ibada.

Kisha kuna yule paka wa udongo anayeinua mkono kwenye milango ya maduka na mikahawa, maneki-neko, maana yake paka anayeita. Mkono wa kushoto unaita wateja, wa kulia unaita pesa. Mzungu akimuona anafikiri anaaga. Mjapani, sawa na sisi, anaita mtu kwa kugeuzia kiganja chini. Hekalu la Gotokuji mjini Tokyo limejaa paka hawa kwa mamia. Hadithi yake inasema kwamba katika karne ya 17 paka wa pale alimuita mtawala Ii Naotaka aingie ndani, na mara radi ikapiga nje.

Katika miji ya leo, nyumba nyingi za kupanga zinakataza wanyama. Ndiyo maana kuna mikahawa ambamo mtu analipia saa moja ya kukaa na paka, anakunywa chai, anarudi kazini. Mapenzi hayo yana upande mwingine pia: mwaka wa 2004 vituo vya serikali viliua paka zaidi ya 200.000 waliookotwa au kutupwa na wenyewe. Kampeni za kuhasi na kutafutia paka nyumba zimeshusha hesabu hiyo chini ya 10.000 kwa mwaka.

Lakini si kila mahali paka amerudisha watu. Kisiwa kidogo cha Aoshima, katika jimbo la Ehime, kilikuwa na wavuvi na familia zao karibu 900 mwaka wa 1945. Paka waliletwa kula panya waliokuwa wanaharibu nyavu. Watu wakaondoka kutafuta kazi, paka wakabaki na kuzaana, hadi picha zao zikaenea kwenye intaneti. Watalii walianza kuvuka kwa mashua, lakini hakuna duka wala hoteli pale, na wazee waliobaki hawakuwa na nguvu ya kuwapokea. Mwaka wa 2018, wakati wakaaji hawakufika hata 20, uliamuliwa mpango wa kuhasi paka wote wa kisiwa, karibu 200, ili wasibaki bila mtu wa kuwalisha siku mzee wa mwisho atakapoondoka.