Kuchora Bila Kiwambo: Jinsi Seva Inavyotengeneza Grafu Usiku

Utangulizi

Uchunguzi wa lugha kwa msaada wa tarakilishi si jambo geni tena katika vyuo vikuu. Idara ya Kiswahili inaweza kuhifadhi matini za magazeti katika seva, ikahesabu maneno yaliyojitokeza kila siku, na kumwandalia mtafiti grafu ya kutazama asubuhi. Seva ni tarakilishi inayozihudumia tarakilishi nyingine kupitia mtandao. Aghalabu hukaa katika chumba chake bila kiwambo, kibodi wala kipanya. Je, mtambo usio na kiwambo huchoraje picha? Na kwa nini programu iliyochora vyema mchana mbele ya mwanafunzi hushindwa usiku akiwa amelala? Makala haya yanadhamiria kuyajibu maswali hayo mawili.

Kazi za Ratiba

Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, mpangaji wa ratiba wa jadi ni programu iitwayo cron. Kila kazi huandikwa katika mstari mmoja. Hutangulia nafasi tano za wakati, yaani dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya juma, kisha hufuata amri yenyewe. Kazi ya kila siku saa nane usiku huandikwa hivi:

0 2 * * * /home/isimu/chora.sh

Hapa pana mtego kwa msemaji wa Kiswahili. Waswahili huanza kuhesabu saa za mchana kunapokucha na za usiku kunapokuchwa, ilhali cron huhesabu kuanzia saa sita usiku. Anayeandika 8 akikusudia saa nane usiku ataipata grafu yake saa mbili asubuhi. Isitoshe, seva nyingi hufuata saa za kimataifa, UTC, zilizo nyuma ya saa za Nairobi kwa muda wa saa tatu. Katika seva ya aina hiyo, mstari ulioonyeshwa hapo juu utatekelezwa wakati Nairobi ni saa kumi na moja alfajiri.

Chanzo cha Tatizo

Mfumo wa madirisha uitwao X, ulioanzishwa katika taasisi ya MIT nchini Marekani mwaka 1984, huitenga programu inayochora na mtambo unaoonyesha mchoro. Viwili hivyo vinaweza hata kuwa katika tarakilishi mbili tofauti. Programu hujua pa kuupeleka mchoro kwa kusoma kigeu kiitwacho DISPLAY. Mwanafunzi anapoingia katika seva kutoka kwenye tarakilishi yake, huku akiwa ameruhusu michoro ipitishwe, kigeu hicho hujazwa na dirisha likafunguka mbele ya macho yake.

Kazi iliyoanzishwa na cron haipitii mlango huo. Huanza katika mazingira finyu: DISPLAY haimo, na orodha ya mahali pa kutafutia amri ni fupi. Programu hubisha hodi penye nyumba isiyokuwepo, ikaripoti kwamba kiwambo hakiwezi kufunguliwa, kisha ikakoma.

Ikumbukwe kwamba picha si kiwambo. Picha ya tarakilishi ni jedwali la nambari zinazoeleza rangi ya kila pikseli, yaani kila nukta ya picha. Kulijaza jedwali hilo ni hesabu tu, na hesabu haihitaji mtazamaji. Kiwambo ni mahali pamoja tu pa kupeleka matokeo. Faili ya PNG ni pengine. Kwa hivyo, kasoro haimo katika seva bali katika programu inayodai kitu isichokihitaji.

Njia za Kulitatua

Njia bora ni kutumia zana zinazoandika picha moja kwa moja katika faili. Maktaba ya programu iitwayo GD hufanya hivyo. Programu ya gnuplot nayo huweza kuelekezwa itoe PNG badala ya kufungua dirisha. Wanaotumia lugha ya Python wana Matplotlib, iliyoanzishwa na John Hunter, yenye injini kadhaa za kuchorea. Injini iitwayo Agg haihitaji dirisha lolote. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018, Matplotlib huchagua Agg yenyewe katika Linux isipopata kiwambo, ingawa ni salama zaidi kuitaja waziwazi. Katika Java, tangu toleo la 1.4 la mwaka 2002, sifa ya java.awt.headless hupewa thamani ya true.

Njia ya pili huzifaa programu zisizokubali kuchora bila dirisha. Programu iitwayo Xvfb huunda kiwambo cha kubuni ndani ya kumbukumbu ya seva. Programu huchora kana kwamba inatazamwa, na picha ikahifadhiwa. Njia hii hutumia kumbukumbu zaidi na huongeza kiungo kinachoweza kukatika.

Fauka ya hayo, fonti zichunguzwe. Seva nyingi hazina fonti za kutosha. Mtafiti wa matini za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu anaweza kupata vijisanduku vitupu badala ya herufi, hata kama hesabu yote ni sahihi.

Hatari ya Grafu ya Jana

Kukosa grafu ni hasara ndogo, kwa sababu mtafiti ataona kwamba haipo. Hatari kubwa ni kazi kushindwa huku faili ya jana ikibaki mahali pake. Mtafiti ataifungua, ataisoma kama ya leo, na huenda akajenga hoja juu yake. Ndiyo maana tarehe ya data yapasa kuchapishwa juu ya grafu yenyewe. Picha mpya nayo iandikwe kwanza katika faili ya muda, na ipewe jina rasmi baada ya kukamilika tu. Ujumbe wa makosa uelekezwe katika faili inayosomwa na mtu, kwa kuwa cron kwa kawaida huutuma kwa barua za ndani ya seva, ambazo wengi hawazifungui. Mwisho, programu ijaribiwe mchana kwa amri ya env -i, ambayo huiendesha bila vigeu vilivyorithiwa. Ikifaulu hapo, matumaini ya kufaulu usiku huongezeka.

Suala la Istilahi

Waingereza huiita tarakilishi ya aina hii mashine "isiyo na kichwa". Tafsiri sisisi ingepotosha. Katika Kiswahili, mwenye kichwa kizuri ni mwenye akili, na seva haikupungukiwa na akili. Ilichokosa ni uso. "Seva isiyo na kiwambo" ni istilahi inayotaja hasa kinachokosekana, na hivyo humwelekeza msomaji kwenye chanzo cha tatizo.

Hitimisho

Imebainika kwamba kuchora na kuonyesha ni shughuli mbili tofauti. Anayezitenganisha ataiwezesha seva kuchora gizani, na anayetia tarehe katika mchoro wake atamkinga msomaji dhidi ya ukweli uliopitwa na wakati.