Vitabu vya Doctor Who na sehemu zilizopotea

Doctor Who ni mfululizo wa televisheni wa bunilizi ya kisayansi kutoka Uingereza. Ulianza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, ukasimama mwaka 1989 na kurudi mwaka 2005. Mhusika mkuu ni Daktari, msafiri kutoka sayari ya Gallifrey. Anasafiri katika anga na wakati kwa chombo kiitwacho TARDIS, ambacho kwa nje kinafanana na kibanda cha simu cha polisi wa Uingereza.

Kwa vipindi vingi vya televisheni, kitabu ni nyongeza tu ya kile kilichoonekana kwenye skrini. Kwa Doctor Who hali ni tofauti. Sehemu nyingi za miaka ya 1960 zilifutwa, na hadithi zake zinajulikana kupitia vitabu, rekodi za sauti na picha za mnato.

Kufutwa kwa sehemu

Kati ya mwaka 1963 na 1969 zilirushwa sehemu 253, zote zikiwa za rangi nyeusi na nyeupe. Kanda za video zilikuwa ghali, hivyo BBC ilizifuta ili zitumike kurekodia vipindi vingine. Mikataba na chama cha waigizaji, Equity, iliweka mipaka ya kurudia kipindi. Tena, tangu mwaka 1970 mfululizo ulipoanza kuonyeshwa kwa rangi, vipindi vya zamani vilipungua thamani sokoni. Nakala za filamu za milimita 16, zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nchi za nje, nazo ziliharibiwa kwa wingi katika miaka ya 1970.

Miongoni mwa zilizopotea ni sehemu ya nne ya The Tenth Planet (1966), ambamo Daktari alibadilika mwili kwa mara ya kwanza: William Hartnell alimwachia nafasi Patrick Troughton. Tukio hilo fupi la kubadilika lilisalia kwa sababu lilitumiwa katika kipindi kingine cha BBC, Blue Peter.

Vitabu

Riwaya ya kwanza iliandikwa na David Whitaker, mhariri wa kwanza wa miswada ya mfululizo huo, na ilitoka mwaka 1964. Inasimulia mapambano ya Daktari na Wadalek, viumbe wakatili wanaoishi ndani ya mashine. Mwaka 1973 kampuni ya Target ilianza kuichapisha upya pamoja na riwaya nyingine mbili za awali, kisha ikaendelea kutoa nyingine mpya. Mwandishi wake mkuu, Terrance Dicks, aliandika zaidi ya 60.

Wakati huo watazamaji hawakuwa na njia nyingine ya kurudia hadithi iliyokwisha kupita. Kanda ya kwanza ya video ya Doctor Who iliuzwa mwaka 1983. Hivyo riwaya hizo fupi, zenye lugha nyepesi, zilikuwa kumbukumbu yao.

Hata hivyo, riwaya si nakala kamili ya kipindi. Kwenye televisheni, walimu Ian na Barbara wanakutana na Daktari baada ya kumfuata mwanafunzi wao hadi kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Katika kitabu cha Whitaker, msimulizi ni Ian mwenyewe, na safari inaanza kwa ajali ya gari usiku wenye ukungu. Msomaji anayetaka kujua kilichorushwa hasa hulinganisha kitabu na rekodi nyingine.

Sauti na picha

Baadhi ya watazamaji walirekodi sauti ya kipindi nyumbani kilipokuwa kikirushwa. Kwa sababu yao, sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo. Mpigapicha John Cura naye alipiga picha za skrini ya televisheni na kuwauzia waigizaji na watayarishaji. Sauti hizo zimetumika kutengeneza katuni za hadithi zilizopotea, kama vile The Power of the Daleks, iliyotolewa mwaka 2016.

Kupatikana tena

Nakala zilizouzwa nje ya Uingereza ndizo zilizookoa baadhi ya hadithi. The Tomb of the Cybermen ilirudi kutoka Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zimepatikana Jos, Nigeria: tano za The Enemy of the World na nne za The Web of Fear. Baada ya hapo zilibaki sehemu 97 zisizopatikana. Sehemu ya tatu ya The Web of Fear haikuwa miongoni mwa zilizorudi, na mwaka 2021 ilitolewa kwa katuni.

Kutoka kitabu hadi televisheni

Mfululizo uliposimama, vitabu viliuendeleza. Kuanzia mwaka 1991 kampuni ya Virgin ilichapisha riwaya zenye hadithi mpya kabisa, na tangu mwaka 1999 kampuni ya Big Finish hutoa michezo ya kusikiliza. Riwaya ya Paul Cornell, Human Nature (1995), iligeuzwa kuwa sehemu mbili za televisheni mwaka 2007. Safari hii kitabu kilitangulia, televisheni ikafuata.