Mwalimu Aliyekwenda Kusoma Uingereza: Lugha Haikumzuia

Mtu asimamaye Msamvu asubuhi, pale njia ya Dodoma na njia ya Iringa zinapoachana, atasikia lugha nyingi kabla jua halijapanda juu ya milima ya Uluguru. Mama aliyeshuka na mboga kutoka Mgeta husema Kiluguru na mwenziwe. Mgogo humwita nduguye kwa Kigogo, na Mhehe naye kwa lugha yake. Lakini ikifika saa ya kukata tiketi, wote husema Kiswahili.

Pengine katika kundi hilo yumo kijana mwanafunzi wa ualimu, sanduku mkononi. Anakwenda Dar es Salaam kupanda ndege, akasome ng'ambo. Mama yake anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kijana anajikaza, lakini moyoni anajiuliza: "Nitasemaje na watu wa huko? Na wakinicheka je?"

Hofu hiyo si aibu, wala si ngeni. Basi leo tuitazame safari ya mwalimu mmoja tunayemjua sote, maana yeye alipita milango mitatu ya lugha, na kila mlango aliufungua kwa kujifunza.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Nyumbani lugha ilikuwa Kizanaki. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Huko masomo yalikuwa kwa Kiswahili. Huo ndio mlango wa kwanza, nao haukuwa Ulaya. Ulikuwa katika nchi yake mwenyewe! Tukumbuke hilo, sisi wazazi. Mtoto wa mlimani anayeingia darasa la kwanza huku lugha ya mwalimu ikiwa si lugha ya mama yake, amekwisha kuanza safari ya ugenini, ingawa jioni atalala nyumbani.

Mlango wa pili ulikuwa Tabora. Alikwenda huko mwaka 1937 kwa masomo ya sekondari, na huko Kiingereza ndicho kilichotawala. Hakuishia hapo. Kutoka mwaka 1943 hadi 1945 alisomea ualimu Makerere, Uganda. Aliporudi alifundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, ambako mkuu wa shule alikuwa Padre Richard Walsh wa Mapadre Weupe.

Mwaka 1949 ukawa zamu ya mlango wa tatu. Nyerere alikwenda Uingereza, akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, katika nchi ya Scotland. Alikuwa mmoja wa Watanganyika wa kwanza kabisa kusoma katika chuo kikuu huko. Mtu aliyejifunza Kiingereza vitabuni, akifika Edinburgh, hukuta matamshi mengine: maneno ni yale yale, lakini sauti ni ya watu wa Scotland. Tena masomo aliyoyashika hayakuwa ya kubahatisha lugha. Alisoma fasihi ya Kiingereza, historia, uchumi na falsafa, yaani mambo ambayo mtu hawezi kuyafahamu mpaka ameyafahamu maneno yenyewe kwa undani. Mwaka 1952 alimaliza, akapata shahada ya M.A., akarudi nyumbani. Mwaka uliofuata alikuwa tena darasani, shule ya Mtakatifu Francis, Pugu.

Sasa, wasomaji, mafanikio ya safari hiyo yalikuwa nini? Wapo waliokwenda ng'ambo, na waliporudi wakajidai kwamba lugha ya kwao imewatoka kinywani. Mzee akiwasalimu, wao hujibu kwa Kiingereza. Mtu wa namna hiyo amefungua mlango mmoja, na nyuma yake ameufunga mwingine. Nyerere hakufanya hivyo. Mwaka 1955 aliweza kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akaieleza haja ya Tanganyika kwa Kiingereza safi. Na aliporudi kwa wananchi, alisema nao Kiswahili, akaeleweka.

Tena, alichojifunza huko ugenini alikibeba, akawaletea wa nyumbani. Alitafsiri kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare uitwao "Julius Caesar", ukachapishwa mwaka 1963. Na "Mabepari wa Venisi" ukatoka mwaka 1969. Katika uzee wake akaweka Injili katika utenzi wa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Mtoto aliyeingia Mwisenge na Kizanaki chake sasa aliwapa wengine Neno la Mungu kwa Kiswahili.

Wala tusidhani kwamba ni Mwafrika tu aliyepata taabu ya lugha. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868, na baadaye wakapanda mpaka Mhonda na Morogoro, nao iliwapasa kukaa chini kama watoto na kuuliza: "Hiki chaitwaje?" Mwenzao wa shirika hilo, Padre Charles Sacleux, aliuliza kwa miaka mingi, hata akatunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka mwaka 1939. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kunyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Basi, kijana unayejiandaa kwa safari, shika mambo machache. Kila siku andika maneno mapya matano katika daftari, na kesho uyatumie kinywani. Soma kwa sauti. Usipoelewa, mwombe mtu arudie polepole. Watu wengi hupenda kumsaidia mgeni anayejaribu. Na usiwakimbilie wenzako wa nyumbani kila saa, la sivyo utarudi na lugha ile ile uliyoondoka nayo.

Nanyi wazazi, mtoto anapokosea neno la Kiswahili au la Kiingereza, msimcheke mbele ya ndugu zake. Mtoto aliyechekwa hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi. Lakini pia msiache kusema naye Kiluguru, kwani lugha ya mama haimzuii mtu kujifunza nyingine. Kizanaki hakikumzuia Nyerere.

Gari limejaa, utingo anapiga ubavu wa basi, na kijana wetu anapanda. Mama, futa machozi, mwage mwanao kwa lugha yako mwenyewe. Ndiyo atakayoikumbuka huko aendako, na ndiyo utakayomsalimu nayo siku atakaposhuka tena hapa Msamvu.