Kinu cha maji cha Mapledurham: unga upo, umeme upo, dizeli hakuna

Wadau, wale wa rock mnaikumbuka kava ya albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ile ya mwaka 1970? Mwanamke kavaa nguo nyeusi, nyuma yake nyumba ya kizamani. Basi ile nyumba ipo kweli. Ni mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji, iko Mapledurham kando ya Mto Thames, Uingereza.

Kinu cha hapo kilitajwa tangu mwaka 1086, kwenye orodha ya mali za nchi iliyoamriwa na Mfalme William. Baada ya Vita Kuu ya Pili kikasimama, kikachakaa, halafu kikakarabatiwa mpaka mwaka 1980 kikaanza tena kusaga.

Sasa kinafanyaje kazi? Maji yanabanwa, yanapitishwa kwenye mfereji mwembamba na kusukuma gurudumu kubwa la mbao. Gurudumu lenyewe linakwenda pole pole, utadhani halina kazi. Ila ndani kuna gia: kubwa inazungusha ndogo, kisha kubwa nyingine inazungusha ndogo nyingine, mpaka jiwe la kusagia linakwenda mbio. Jiwe la chini halitembei, linalozunguka ni la juu. Ngano inadondokea kwenye tundu la katikati, inakatwa na mifereji iliyochongwa kwenye mawe, unga unatokea pembeni. Msagaji anausugua kwa kidole gumba, akiona mkubwa anashusha jiwe kidogo. Kidogo tu! Mawe yakigusana yanatoa cheche, na vumbi la unga linashika moto vibaya sana.

Kuna watu watasema kitu cha kale kiachwe kipumzike. Mimi nakataa. Gurudumu la mbao likisimama muda mrefu, upande ulio majini unalowa na kuwa mzito, wa juu unakauka na kupasuka. Siku ukiliwasha linayumba. Kwa hiyo bora lizunguke.

Halafu wenzetu hawakuishia kwenye unga. Mwaka 2011 walifunga hapo hapo skrubu kubwa ya chuma, maji yanaizungusha, umeme unaingia kwenye gridi ya taifa. Mto ule ule!

Ukibahatika kufika huko, angalia kwanza siku za kufungua, maana si kila siku. Na usiishie kupiga picha nje kama shabiki wa Sabbath, ingia uone gia.

Huku kwetu dizeli ikipanda tu, mama anaongezewa bei ya kusaga debe la mahindi. Kijijini kwenu kuna mto usiokauka? Na umewahi kuona mashine ya maji? Mwaga data hapo chini.