Je, Wajua? Mbwa Hutii Mtu Mmoja Mmoja

Mbwa anayemtii baba mwenye nyumba huenda bado hajajifunza kumtii mtoto. Kila mtu wa nyumbani hulazimika kuujenga mwenyewe utii wa mbwa kwake. Mjini Kalemie, nchini Kongo (DRC), ambako familia nyingi huchanganya Kiswahili na Kifaransa, mbwa huweza kuchanganyikiwa akisikia maneno mawili kwa tendo lile lile. Wote wakubaliane neno moja, kama "kaa". Akitii, apewe papo hapo kipande cha dagaa mkavu. Zawadi ikichelewa hata sekunde chache, mbwa haelewi amelipwa kwa lipi. Kipigo hufundisha woga tu, na mbwa mwenye woga ni mwepesi wa kuuma. Mtoto naye amlishe na kumwamuru, daima mbele ya mtu mzima.