Amplifaya ya Daraja la Juu: Soma Mgongo wa Mashine Kabla ya Kulipa

Amplifaya ya transista ya daraja la juu, kwa ajili ya muziki wa nyumbani, huweza kumgharimu mlaji mamilioni ya shilingi. Mnunuzi aliyekwisha kutenga kiasi hicho huamini kwamba lililobaki ni suala la sikio tu: ipi kati ya hizi mbili ina sauti tamu zaidi. Hata hivyo, hasara iliyo nzito kuliko zote katika ununuzi huu hutokana na kibati kidogo kilichobandikwa nyuma ya mashine, ambacho ni rahisi kukisahau hadi fedha zimekwisha kutolewa.

Kibati hicho hutaja volti. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ni za volti 100, na zile za soko la Marekani ni za volti 120 na hezi 60. Amplifaya za Kijapani zilizokwisha kutumika huvutia kwa sababu bei yake huwa chini sana ya ile ya mashine mpya. Lakini mashine ya volti 100 ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya hapa hupokea zaidi ya mara mbili ya volti ilizokusudiwa. Ukibahatika, fyuzi hukatika. Usipobahatika, transfoma na kapasita huungua. Muuzaji anayedai kwamba kinachohitajika ni kubadilisha plagi tu anakupotosha, kwani plagi haipunguzi volti.

Transfoma ya kushusha umeme huondoa tatizo hilo, mradi uwezo wake uzidi kwa mbali matumizi ya juu ya mashine. Amplifaya inayotumia hadi wati 600, kwa mfano, isiunganishwe na transfoma ya chini ya VA 1,000. Gharama hiyo ijumlishwe kwenye bei kabla ya kusema kwamba umepata nafuu. Kwa mashine ya Marekani, uliza pia kama imesanifiwa kwa hezi 50, kwa kuwa transfoma ya kushusha umeme haibadilishi hezi, na mashine ya hezi 60 pekee huweza kupata joto kupita kiasi na kuunguruma.

Baada ya volti huja wati, na hapa ndipo matangazo huzidisha chumvi. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitunga kanuni mahususi mwaka 1974 kwa sababu watengenezaji walikuwa wakitaja wati kwa vipimo visivyolingana, na kanuni hiyo ikakazwa mwaka 2024. Takwimu ya kuaminika hutaja wati endelevu kwa kila upande, mzigo wa omu 8, masafa ya hezi 20 hadi 20,000, na kiwango cha upotoshaji wa sauti. Takwimu iliyoandikwa “PMPO” haifai kulinganishia chochote.

Hata wati za kweli zina thamani ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kutoka wati 100 hadi 200 ni ongezeko la desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini isiyo kubwa. Ongezeko hilohilo hupatikana kwa kuchagua spika za desibeli 90 badala ya 87, bila kugusa amplifaya. Kwa hiyo, anza na spika ulizonazo. Ikiwa ni za omu 4, dai takwimu ya omu 4. Amplifaya inayotoa wati 100 kwa omu 8 na kukaribia 200 kwa omu 4 ina ugavi imara wa umeme ndani yake. Ile inayonyamaza kuhusu omu 4 inastahili kutiliwa shaka.

Mashine za daraja A husifiwa sana, na baadhi zinastahili. Zinakula umeme hata muziki ukiwa chini. Mashine inayovuta wati 200 muda wote, ikiwashwa saa 4 kila siku, humaliza uniti 24 za LUKU kwa siku 30, na joto lote hilo hubaki sebuleni. Amplifaya za daraja D hazipotezi umeme kiasi hicho. Dharau ya zamani dhidi yake, kwa maoni yetu, imepitwa na wakati.

Unaposikiliza dukani, taka sauti za mashine zote mbili zilinganishwe kwanza, ikiwezekana kwa kipimo. Iliyo juu kidogo tu husikika kana kwamba ndiyo bora, na si kila muuzaji atakukumbusha. Mashine mbili zilizosanifiwa vizuri, zisipolemewa, hukaribiana mno, na hapo waranti ndiyo iamue. Uliza ni nani atakayeitengeneza hapa nchini, si ng’ambo, na vipuri vitatoka wapi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, lakini malalamiko huhitaji ushahidi. Dai risiti ya EFD, kisha mwombe muuzaji aandike na kutia saini, kwenye karatasi yenye jina la duka, modeli, namba ya mashine, volti, hezi, hali yake kama ni mpya au imetumika, na muda wa waranti.