Uzito wa Gunia na Uzito wa Neno

Leo nataka tuzungumze kuhusu nomino dhahania, yaani majina ya vitu visivyoshikika kwa mkono wala kuonekana kwa macho. Mniwie radhi, nitaanzia sokoni.

Likizo iliyopita nilimsindikiza mama kuuza ndengu hapa Gachoka. Nyumbani gunia letu lilikuwa kilo 90. Kwenye mizani ya mnunuzi, ati ni kilo 82! Mama alipokataa, akaambiwa, "Mama, uzito ni wa mizani, si wa mdomo." Mama akajibu, "Hata neno langu lina uzito." Tukarudi na gunia letu. Njiani nikawaza: kumbe uzito ni wa aina mbili!

Hebu tutazame nomino hizi huundwaje. Nyingi huanza kwa U. Kutokana na sifa, -zito hutupa uzito na -refu hutupa urefu. Kutokana na majina ya watu, mtu hutupa utu na mtoto hutupa utoto. Kutokana na vitenzi, penda hutupa upendo na haribu hutupa uharibifu. Mara nyingine U hukutana na irabu ikawa W: -ema hutupa wema, na mwizi hutupa wizi. Lakini chunga! Walimu ni watu. Kazi yao ni ualimu.

Si zote zina U. Amani, furaha, heshima na chuki pia ni nomino dhahania.

Shida yetu kubwa ni upatanisho. Huku kwetu utasikia "uhuru yetu" na "upendo mingi". La hasha! Ni uhuru wetu na upendo mwingi. Mimi mwenyewe nimewahi kukatwa alama kwa kosa hilo hilo.

Tena, nomino hizi kwa kawaida hazihesabiki. Husemi "uzito tatu". Hata hivyo, uovu ni hali, lakini maovu ni matendo, na matendo yanahesabika.

Wajapani wao hutia kiambishi mwishoni. Kwao "omoi" ni -zito. "Omosa" ni uzito unaopimika, kama wa gunia. "Omomi" ni uzito unaohisiwa, kama wa neno la mzee barazani. Sisi tuna neno moja kwa yote mawili, kwa hivyo ni lazima sentensi ionyeshe ni uzito wa nini. Yule mnunuzi alisema uzito wa kilo. Mama alisema uzito wa ukweli.

Juma lililofuata tulimwuzia mtu mwingine. Mizani yake ilisoma kilo 90.

Basi, ndugu msomaji, ukiandika insha jiulize: ni uzito upi? Kwa hayo machache nakomea hapa. Kiswahili kitukuzwe!